Nimetazama, Baba amesikiliza: midahalo ya viongozi wa vyama kwenye runinga

"Simamisha hapo, mama."

Baba alikuwa ameinua mkono wa kulia, kiganja wazi, kama alivyouinua miaka yote ya ualimu wake anapotaka darasa linyamaze. Nikabonyeza kitufe. Akavua hedifoni sikio moja. "Huyu anayesema hakuwa na hiari, amekwisha. Umesikia alivyorudia?"

Sikuwa nimesikia. Ndivyo tulivyokubaliana: sauti yote iende kwake, picha yote ibaki kwangu. Baba haoni tangu presha ya macho ilipommalizia jicho la pili, miaka sita sasa, na nilitaka kujua kama sisi wawili, tukikaa kochi moja mbele ya mdahalo mmoja, tunapokea kitu kimoja. Tulichagua rekodi ya Kanada, mdahalo wa Kiingereza wa tarehe 25 Julai 1984, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua lolote kuhusu uchaguzi ule. Dakika ileile aliyoinua mkono, daftari langu lilikuwa limeandikwa: "Mmoja amenyoosha kidole, hakishushi. Mwenzake ameganda."

Aliyenyoosha kidole ni Brian Mulroney, kiongozi wa chama cha Conservative. Aliyeganda ni John Turner wa chama cha Liberal, aliyekuwa na majuma machache tu kwenye kiti cha waziri mkuu. Turner alikuwa amepitisha msururu wa vyeo kwa watu wa mtangulizi wake, Pierre Trudeau, na usiku ule aliligusa mwenyewe suala la vyeo vya kupeana akidhani litamuumiza mpinzani. Mulroney akamwambia jambo dogo analoweza kufanya ni kuomba radhi. Turner akajibu kwamba hakuwa na hiari. Mulroney akamwambia hiari alikuwa nayo, angeweza kukataa. Turner akarudia yale yale. Chini ya wiki sita baadaye chama cha Mulroney kilichukua viti 211 kati ya 282, na cha Turner kikabaki na 40. Sisemi sentensi moja ndiyo iliyohamisha viti vyote hivyo. Serikali ile ilikuwa imekaa muda mrefu na watu walikuwa wamechoka. Ila nilipomsomea Baba matokeo, alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa aliyekwisha kumjua hali yake.

Kwa hiyo hii ni tathmini ya watu wawili. Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukipitia midahalo ya viongozi, ya zamani na ya karibuni, jioni za mwisho wa juma, mimi nikiwa na daftari na saa ya kupimia mbio, yeye akiwa na hedifoni na kengele ndogo ya shaba aliyokuwa akiitumia kusimamia midahalo ya wanafunzi. Naichukulia midahalo hii kama huduma yoyote ile: mpiga kura anatoa dakika 90 au 120 za maisha yake, na ana haki ya kuuliza amepata nini.

Jaribio lenyewe lilizaliwa na kidonda. Kila anayezungumzia mdahalo wa runinga huanzia Chicago, 26 Septemba 1960, John Kennedy na Richard Nixon, wagombea urais wa Marekani. Nixon alikuwa ametoka hospitalini kwa goti lililopata maambukizi, amekonda, suti yake ya kijivu inamezwa na ukuta wa nyuma, na poda aliyopakwa kufunika ndevu ikashindwa kufunika jasho. Kennedy alivaa suti ya rangi nzito na alionekana mtu aliyelala vizuri. Watu wapatao milioni 70 walitazama. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba waliotazama walimpa ushindi Kennedy na waliosikiliza redioni walimpa Nixon. Baba ameifundisha hadithi hiyo kwa miaka mingi, na tangu apoteze kuona ameishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu inampa yeye, msikilizaji, cheo cha hakimu asiyedanganyika. Nilipoichimba nikakuta inasimama juu ya uchunguzi mmoja wa maoni, wenye wasikilizaji wachache wa redio, bila kujulikana vizuri kama watu hao hawakuwa tayari upande wa Nixon kabla hata ya kuwasha redio zao. Nilimwambia. Alikaa kimya kwa muda, vidole vikizungusha kengele. Kisha akasema, "Basi tupime wenyewe."

Tulipopima tukaona kwamba sikio na jicho havipokezani. Yeye alinishinda pale Boston, 3 Oktoba 2000, Al Gore na George W. Bush. Gore alikuwa akishusha pumzi nzito kila Bush anapozungumza, na kipaza sauti kilizichukua zote. Mimi kwenye skrini nilikuwa nafuata tai na mikono. Baba aliuliza mara tatu, "Ni nani anayepumua hivyo mwenzake akisema?" Kwake zile pumzi zilikuwa kubwa kuliko takwimu zote za kodi zilizotajwa usiku ule. Mimi nikamshinda Richmond mwaka 1992, kwa sababu niliona Bush mkubwa, baba wa huyo wa 2000, akitupia jicho saa ya mkononi wakati mwananchi anauliza swali, na saa haina sauti. Lakini ushindi wangu mwingine ulinitia aibu. Nilitazama peke yangu mdahalo wa Ujerumani wa mwaka 2013, Angela Merkel na Peer Steinbrück. Nilipofungua daftari kesho yake, nilikuta mistari minne kuhusu mkufu wa Merkel, uliokuwa na rangi za bendera ya nchi yake, na mstari mmoja tu kuhusu madeni ya Ulaya. Macho yangu yalikuwa yamekula muda wangu.

Sasa nifike kwenye kile ninachoamini ndicho kipimo cha huduma hii. Si urefu wake, si ukumbi wake, wala si ukali wa viongozi wenyewe. Ni swali la nyongeza.

Baba alikuwa na kanuni kwenye midahalo ya shule: hoja haijajibiwa mpaka aliyeuliza aseme imejibiwa. Mshika saa angeweza kupiga kengele, mwenyekiti angeweza kukunja uso, lakini muulizaji alikuwa na haki ya kusimama mara ya pili. Wanafunzi waliichukia kanuni hiyo kwa sababu iliwavua nguo. Mtu anaweza kukariri jibu la swali la kwanza wiki nzima, akalitamka bila kupepesa. Swali la pili linatoka ndani ya jibu lake mwenyewe, hajalikariri, na hapo ndipo unapomsikia anavyofikiri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote si wa viongozi wa vyama vya bunge bali wa wagombea urais, Gerald Ford na Jimmy Carter, mwaka 1976. Marekani ilikuwa imekaa bila midahalo hii tangu 1960. Chaguzi tatu zilipita kimya. Ule wa kwanza, Philadelphia, 23 Septemba, ulikatika sauti ukumbini kwa dakika 27. Tulipofika hapo Baba aligusa hedifoni akidhani zimekufa. Nikamweleza ninachokiona: wanaume wawili wamesimama nyuma ya mimbari zao.

"Wanazungumza?"

"Hapana."

"Wanatazamana?"

"Hapana."

Alisubiri kidogo. "Bado wamesimama?"

"Bado."

Watu wawili wanaoomba kuongoza taifa zima, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukaa au kumwambia mwenzake neno la kibinadamu mbele ya kamera. Nimefikiri sana kuhusu dakika zile kuliko saa nyingi za maneno.

Lakini ni mdahalo wa pili, San Francisco, 6 Oktoba, unaobeba kipimo changu. Ford aliulizwa na Max Frankel wa gazeti la New York Times kuhusu Urusi ya Kisovieti, akasema hakuna utawala wa Kisovieti juu ya Ulaya ya Mashariki. Wakati ule majeshi ya Kisovieti yalikuwa Poland, Hungaria, Chekoslovakia na Ujerumani ya Mashariki. Frankel angeweza kuandika tu, anyamaze. Badala yake akaomba radhi, akauliza tena: je, nimekuelewa sawasawa? Alimfungulia mlango atoke. Ford akaufunga kwa mkono wake mwenyewe, akitaja Yugoslavia, Romania na Poland kama nchi zisizojiona kuwa chini ya Wasovieti. Baba alipiga kengele yake, mara moja tu, kwa heshima ya muulizaji. Halikuwa swali la kumtega mtu. Lilikuwa la mtu anayetaka kuelewa, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyeweza kulikwepa.

Linganisha na Uingereza, 4 Juni 2024, waziri mkuu Rishi Sunak na mpinzani wake Keir Starmer wa chama cha Labour, kwenye kituo cha ITV. Majibu yalikatwa kwa sekunde 45. Nilishika saa. Sekunde 45 zinatosha kusema tatizo ni kubwa, mpinzani ndiye aliyelisababisha, na mimi nina mpango. Neno "mpango" likitoka, muda umekwisha. Sunak alitumia dakika zake kurudia kwamba Labour wangeongezea kila familia kodi ya pauni 2,000. Alirudia tena na tena, na Starmer alichelewa mno kuikana. Siku iliyofuata ikajulikana kwamba katibu mkuu wa wizara ya fedha alikuwa ameandika barua akisema hesabu ile isitangazwe kama kazi ya watumishi wa umma, na wasimamizi wa takwimu wakaeleza kwamba msikilizaji hakuwa na njia ya kujua kuwa ile ni jumla ya miaka minne. Maelezo hayo yote yalikuja baada ya watu kulala. Swali moja tu la nyongeza, "hizo pauni ni za mwaka mmoja au za miaka mingapi?", lingeyaleta mezani usiku uleule. Mwendeshaji hakuwa mzembe. Alijitahidi, alifika mahali pa kuwataka washushe sauti. Kanuni ndizo zilizomfunga mikono. Baba alivua hedifoni kabla haujaisha, jambo ambalo hakulifanya kwa mdahalo mwingine wowote.

Midahalo ya kwanza ya Uingereza, mwaka 2010, ilikuwa bidhaa ya namna nyingine. Ilikuwa mitatu: Manchester 15 Aprili, Bristol 22 Aprili, Birmingham 29 Aprili, waziri mkuu Gordon Brown, David Cameron wa Conservative na Nick Clegg wa chama cha tatu, Liberal Democrats. Vyama na vituo vya runinga vilikubaliana kanuni 76, hadi ni lini kamera ionyeshe hadhira. Watu walio ukumbini walikatazwa kupiga makofi hadi mwisho. Wengi walisema ulikuwa mdahalo wa makaratasi. Mimi na Baba tunatofautiana na wengi hapa. Bila makofi, sikio la Baba lilifuata hoja bila kusukumwa huku na kule, na mimi sikuwa na haja ya kujiuliza kama jibu ni zuri au ni mashabiki tu wanaopiga kelele. Viongozi watatu kwa dakika 90 ni hesabu inayowezekana. Brown na Cameron wakawa wanasema wanakubaliana na Nick, na kura za maoni zikampaisha Clegg kwa siku kadhaa kama mtu aliyeshushwa kutoka mbinguni.

Kisha wakapiga kura. Chama cha Clegg kilipata asilimia 23 ya kura, na viti vyake vikashuka kutoka 62 hadi 57. Ningependa kila mtu anayetangaza "mshindi wa mdahalo" saa nne usiku aandikiwe tarakimu hizo mbili ukutani. Mdahalo unaweza kumtambulisha mtu kwa taifa zima kwa usiku mmoja. Hauwezi kumjengea mtandao jimboni, wala kubadili namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Tukaja kwenye foleni za mimbari. Uingereza 2015: viongozi saba kwa saa mbili. Kenya 2013, mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nchini humo, 11 Februari: wanane. Kanada 2019: viongozi sita na waendeshaji watano. Hapa saa yangu haina huruma. Gawa dakika 120 kwa watu wanane, toa maswali, toa salamu, toa kudakiana, na kila mmoja anabaki na muda usiotosha kueleza bajeti ya wizara moja. Swali la nyongeza ndilo la kwanza kufa, kwa sababu anayelipata anaonekana kapendelewa kwa dakika. Mwendeshaji anakuwa kondakta wa basi: panda, shuka, songa mbele. Kwa Baba ni vibaya zaidi. Sauti saba zisizozoeleka, zinadakiana, na hakuna anayetaja jina la msemaji kila anapopokezana; alinishika mkono mara kwa mara, "Huyu nani? Na huyu?" Kufikia nusu saa ya mdahalo wa 2015 alikuwa ametofautisha wanne tu. Wengine watatu walikuwa kwake mvua juu ya bati.

Hata hivyo siwezi kuandika kwamba vyama vidogo viachwe nje, na hili ndilo jambo tunalobishana nyumbani hadi leo. Ule mdahalo wa Nairobi ulikuwa na wasemaji ambao mwananchi hangewasikia mahali pengine popote, na ndipo Raila Odinga na Uhuru Kenyatta walipoulizana ana kwa ana kuhusu kesi ya Uhuru kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, na kama nchi inaweza kuendeshwa kutoka huko kwa Skype. Kugawa wasemaji kwa madaraja nako kuna maumivu yake. Kenya ilijaribu mwaka 2022 kuwatenga waliokuwa chini ya asilimia tano kwenye kura za maoni. George Wajackoyah akagoma kushiriki. Baba anataka duru mbili kwa kura ya bahati nasibu, wadogo na wakubwa wakichanganywa, wanne wanne. Mimi nataka mada zigawanywe, kila usiku mada moja, ili hata wakiwa saba wazungumzie hospitali tu, au deni la taifa tu. Hatujakubaliana.

Kuna ubovu mwingine ambao hakuna kanuni ya muda inayoutibu: kiongozi asiyekuja. Jacques Chirac wa Ufaransa alikataa kukutana na mpinzani wake Jean-Marie Le Pen mwaka 2002. Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza aliyeitisha uchaguzi mwenyewe mwaka 2017, hakwenda kwenye mdahalo wa Cambridge. Alimtuma waziri wake Amber Rudd, aliyekuwa amefiwa na baba yake siku mbili kabla. Raila alisimama peke yake jukwaani Julai 2017, na Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake. Mwaka 2019 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kiliweka vinyago vya barafu mahali pa Boris Johnson na Nigel Farage kwenye mdahalo wa tabianchi. Watu walifurahi. Mimi nilijikuta nikimweleza Baba: kuna barafu, inayeyuka, kuna maji. Aliuliza, "Na swali lao nani analijibu?" Barafu inampa mtazamaji picha ya kusambaza; haimpi jibu. Ningependelea maswali aliyopangiwa asiyekuja yasomwe kwa sauti, moja moja, kila moja lipewe muda wake kamili wa kimya. Hata asiyeona angeusikia ukimya huo, na yeyote aliyebaki nyumbani kwake angejua umehesabiwa.

Vipaza sauti sasa. Baada ya Donald Trump na Joe Biden kukoromeana Cleveland tarehe 29 Septemba 2020, mdahalo uliofuata, Nashville 22 Oktoba, ulizima kipaza sauti cha mmoja wakati mwenzake anatoa jibu lake la kwanza la dakika mbili. Kuna wanaosema kuzima ni kuficha tabia ya mtu. Nawaelewa, tabia ya kudakia ni habari. Lakini mwenye macho bado anaona midomo ikichezeshwa, na asiye na macho hatimaye anasikia jibu. Kwa Baba tofauti ya midahalo ile miwili ilikuwa kama kutoka sokoni na kuingia maktaba. Tukiwa na kitufe hicho, sioni kwa nini tuendelee kumgeuza mwendeshaji kuwa mwamuzi wa ndondi.

Mstari ule unaopanda na kushuka chini ya skrini kuonyesha papo hapo maoni ya watazamaji wachache waliochaguliwa, wanaouita mnyoo, ningeuondoa leo. Australia waliutumia mapema miaka ya 1990. New Zealand mwaka 2002 ulimpenda Peter Dunne, kila akifungua mdomo ukapanda, na chama chake cha United Future kikatoka kiti kimoja hadi vinane. Huenda alistahili; alizungumza kwa utulivu. Lakini watafiti wa Uingereza walichukua mdahalo wa tatu wa 2010, wakawawekea watazamaji 150 hivi mnyoo wa kutunga unaompendelea kiongozi mmoja, na maoni ya watazamaji yakaufuata. Nilijaribu mwenyewe kufunika sehemu ya chini ya skrini kwa gazeti. Dakika kumi za kwanza nilihisi nimenyimwa kitu. Baada ya hapo nikaanza kusikia sentensi hadi mwisho. Baba hakuwahi kuwa na mnyoo huo.

Naomba nafasi ya lalamiko moja letu wenyewe. Kituo kimoja ambacho sitakitaja kilirusha mdahalo wa viongozi tulioungojea mwezi mzima. Mwendeshaji akasema, "Kama mnavyoona kwenye jedwali hili," akanyamaza, akaendelea. Akasema tena, "Takwimu hizo hapo." Tena: "Mmoja wenu anatikisa kichwa." Nani? Takwimu gani? Nilikuwa jikoni nikaja mbio kumsomea, na nilipofika jedwali lilikuwa limeondolewa. Mkalimani wa lugha ya alama naye aliwekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni ya skrini, na mabango ya matangazo yakapita juu ya mikono yake. Baba alikaa wima vilevile, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyealikwa harusini akasahauliwa mlangoni. Kutaja jina la anayezungumza na kusoma tarakimu kwa sauti hakugharimu hata senti. Ni adabu tu ya kukumbuka kwamba wapiga kura wote hawako mbele ya kioo.

Alama zetu, basi, kwa yeyote anayepanga kutoa jioni yake. Viongozi wawili au watatu, mwendeshaji mmoja mwenye haki ya kuuliza tena, vipaza sauti vinavyozimika, hadhira iliyotulia: Baba anaupa 80 kwa 100, mimi 75, na wote tunasema utazame hadi mwisho. Viongozi saba kwa sekunde chache chache: mimi 40, Baba 25, utazame nusu saa ya kwanza uwajue sura na sauti, kisha ukasome ilani zao. Mahojiano ya kiongozi mmoja baada ya mwingine, bila kukutana, si mdahalo na hatujayapa alama, ingawa mara nyingi ndiyo yenye maswali ya nyongeza mengi kuliko yote. Na vipindi vya uchambuzi baada ya mdahalo, ambako wapambe wa kila chama hutangaza kwamba mtu wao ameshinda, zima. Sisi huzima runinga dakika ileile inayomalizika, tukakaa kimya kwa muda wa chai moja, kisha kila mmoja anataja jibu moja analolikumbuka. Mara kadhaa hatukuwa na hata moja, na hiyo nayo tuliiandika.

Juzi Baba aliniomba turudi Kanada, 1984. Nikadhani anataka kumsikia Mulroney na kile kidole alichosimuliwa. Hakuwa na haja naye. Alitaka Turner, pale kabla hajasema mara ya kwanza kwamba hakuwa na hiari. Nikarudisha. Akasikiliza. Nikarudisha tena, mara nne, safari hii sauti ikiwa wazi chumbani ili na mimi nisikie.

"Hapo," akasema. "Alikuwa na nafasi."

"Ya kufanya nini, Baba?"

"Mwenzake ameshamwambia aombe radhi. Angeomba."